Badilisha sura ya blogu yako ya Blogger kwa HTML na CSS kidogo

"Nabadilishaje rangi ya vichwa vya makala?" "Maandishi yangu kwenye simu ni madogo mno, nifanyeje?" "Nimebandika kodi niliyotumiwa WhatsApp, templeti imekataa kuhifadhi." Maswali haya nimeyajibu mara nyingi, kila mtu kwa wakati wake, kwa ujumbe wa sauti na kwa picha za skrini. Sasa nimekaa chini nikayaandika kwa mpangilio, ili anayeanza leo awe na mahali pa kuanzia.

Mwongozo huu ni wa Blogger, huduma ya kutengenezea blogu. Nimeichagua kwa sababu ni ya bure, na kwa sababu wengi wetu tunaoandika Kiswahili tulianzia hapo. Huduma hii ilianza 1999, Google wakainunua 2003, na blogu ya Issa Michuzi iliyowazoesha Watanzania wengi kusoma habari na kutazama picha mtandaoni ilikaa kwenye anwani ya blogspot, yaani ile inayotolewa na Blogger. Mifano yote hapa ni ya blogu ya mapishi inayotumia templeti (mpangilio wa sura ya blogu, Blogger huuita "Theme") ya Contempo. Ukiwa na templeti nyingine, hatua ni zile zile, ila baadhi ya majina ndani ya kodi, yaani maandishi ya HTML na CSS yanayoiagiza kompyuta, yatatofautiana. Hatua ya 5 itakuonyesha namna ya kuyapata mwenyewe.

Kabla ya yote, ujue kwamba huhitaji kusomea kompyuta. Unahitaji uangalifu wa mtu anayepima unga: unaongeza kidogo, unatazama, ndipo unaongeza tena.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta. Kwa simu inawezekana, lakini kutafuta mstari mmoja kati ya maelfu kwa kidole ni mateso. Saa mbili kwenye kafe ya intaneti zinatosha. Ukimaliza, hakikisha umetoka kwenye akaunti yako.
- Blogu ambayo wewe ni "Admin" wake. Ukiwa umeongezwa kama "Author" tu, utaandika makala lakini sehemu ya "Theme" hutaiona.
- Notepad, au programu nyingine ya maandishi matupu. Usitumie Word. Nitaeleza sababu mbele kidogo.
- Simu ya kawaida, ile ambayo wasomaji wako wanayo, kwa ajili ya kukagua kazi.

Nadharia ni sentensi moja tu: HTML inasema hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni picha, CSS inasema vitu hivyo vionekane vipi, yaani rangi, ukubwa na nafasi. Kazi yetu kubwa leo ni CSS.

Hatua ya 1: Hifadhi nakala ya templeti

Ingia Blogger, kwenye menyu ya kushoto bofya "Theme". Utaona kitufe cha "Customize", na pembeni yake kimshale kinachoelekea chini. Bofya hicho kimshale, chagua "Backup", kisha "Download". Faili la XML litashuka kwenye kompyuta yako. Libadilishe jina liwe na tarehe, mfano `mapishi-kabla-12-Machi.xml`, na ujitumie kwa barua pepe.

Usiruke hatua hii. Niliwahi kuiruka usiku mmoja kwa sababu nilikuwa nabadilisha "kitu kidogo tu". Nilifuta kipande nilichodhani ni tangazo la zamani, nikahifadhi, na safu yote ya pembeni ikapotea pamoja na orodha ya makala niliyoipanga kwa miezi. Nilikesha hadi alfajiri nikiijenga upya kwa kumbukumbu. Kwa faili la nakala ningemaliza ndani ya dakika moja.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Kwanza, nakala ya templeti haibebi makala zako. Makala zina nakala yake, utaipata kwenye "Settings", sehemu ya "Manage Blog". Pili, kwenye orodha hiyo hiyo ya kimshale kuna chaguo la "Switch to first generation Classic theme". Hilo litakurudisha kwenye mfumo wa zamani kabisa wa Blogger. Usiliguse.

Hatua ya 2: Fungua blogu ya majaribio

Akaunti moja ya Google inaruhusu blogu nyingi, kwa hiyo fungua nyingine na uipe jina lolote. Kwenye "Settings" ifanye ya siri kwa kuchagua wasomaji wawe waandishi wake tu, na uzime chaguo la kuonekana kwenye injini za utafutaji. Kisha rudi "Theme", kimshale kile kile, chagua "Restore" na upakie faili la nakala ulilolihifadhi. Bandika makala mbili tatu, moja iwe na picha, na moja iwe ndefu.

Hapo sasa una uwanja wa kujifunzia. Ukiharibu, hakuna msomaji aliyeona.

Hatua ya 3: Jua kodi inabandikwa wapi

Hapa ndipo wageni wengi wanapotea. Wanapata kodi nzuri, wanaiweka mahali siyo pake, halafu wanailaumu kodi. Blogger ina sehemu tatu za kuweka kodi, na nimezipanga kuanzia ile yenye usalama zaidi.

Ya kwanza ni kisanduku cha "Add CSS". Bofya "Customize", kisha "Advanced", halafu kwenye orodha iliyofunguka shuka mpaka "Add CSS". Humu inaingia CSS peke yake. Ukikosea unafuta tu, na templeti yenyewe haijaguswa. Kwa makadirio yangu, mambo manane kati ya kumi ambayo watu huniuliza yanamalizika hapa.

Ya pili ni wijeti, yaani kipande kidogo unachokiongeza kwenye blogu. Ukiingia "Layout" na kubofya "Add a Gadget", utaona aina inayoitwa "HTML/JavaScript". Humu inaingia HTML, kwa mfano kitufe au tangazo la pembeni.

Ya tatu ni "Edit HTML", kwenye kimshale kile cha hatua ya kwanza. Hapo unafungua mwili wa templeti nzima. Nenda huko ukiwa na sababu ya kweli tu.

Hatua ya 4: Kodi yako ya kwanza

Tunaanza na tatizo linalowaumiza wasomaji wengi zaidi: maandishi madogo na yaliyobanana. Fungua "Add CSS", uandike hivi:

```
body .post-body {
  font-size: 18px;
  line-height: 1.7;
  color: #222222;
}
```

Tuisome pamoja. `.post-body` ni jina la sehemu yenye maandishi ya makala. Nukta ya mwanzo ni ya lazima, inasema kwamba hili ni jina la kundi. Ndani ya mabano ya mawimbi tunaorodhesha tunachotaka: ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mstari na mstari, na rangi. Kila agizo lina jina, nukta mbili, thamani, kisha nukta mkato mwishoni. Neno `body` la mwanzo nimeliweka ili agizo letu lipate nguvu kuliko lile la templeti. Bila hilo, mara nyingine templeti inashinda na utadhani hujafanya kitu.

Sasa badilisha namba. Weka 22, tazama. Weka 16, tazama. Mabadiliko utayaona kwenye dirisha la hakikisho hapo hapo. Ukiridhika, bofya alama ya disketi kuhifadhi.

Kisha vichwa vya makala:

```
body .post-title,
body .post-title a {
  color: #8A3B12;
  font-family: Georgia, serif;
}
```

Nimetaja majina mawili kwa sababu kwenye ukurasa wa mbele kichwa ni kiungo, na ukishafungua makala kichwa hicho kinakuwa maandishi ya kawaida. Ukitaja moja tu, rangi itabadilika sehemu moja na kubaki ya zamani sehemu nyingine, na hilo nimeulizwa mara nyingi sana.

Rangi zinaandikwa kwa alama ya reli na herufi au tarakimu sita. Chagua uipendayo, lakini nakuomba kitu kimoja kutoka moyoni: usiweke maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe. Kwenye kompyuta ndani ya chumba yanapendeza. Msomaji wako yuko kituo cha daladala saa saba mchana, amepunguza mwanga wa skrini ili chaji ifike jioni, na hapo kijivu hafifu hakisomeki kabisa. Kipimo kinachokubalika duniani ni kwamba tofauti kati ya maandishi na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Ukiandika rangi kama `#222222` juu ya nyeupe uko salama.

Kuhusu Georgia: fonti hiyo tayari imo kwenye kompyuta nyingi, na simu isipokuwa nayo itatumia fonti yake ya aina hiyo hiyo. Hakuna kinachopakuliwa. Fonti za kuvutia kutoka nje zinapakuliwa kila msomaji mpya anapofungua blogu, na anayezilipia ni yeye kwa bando lake.

Hatua ya 5: Tafuta majina mwenyewe

Nimekupa `.post-body` na `.post-title`. Majina mengine utayatoa wapi? Usitafute orodha, iulize blogu yenyewe.

Fungua blogu yako kwenye Chrome au Firefox ya kompyuta. Weka kipanya juu ya kitu unachotaka kukibadilisha, mathalani tarehe ya makala, bofya kitufe cha kulia kisha "Inspect". Sehemu ya chini au ya pembeni itafunguka ikionyesha HTML, na mstari wa kitu hicho utakuwa umewekewa rangi. Tafuta neno `class=` kwenye mstari huo. Kilichomo ndani ya alama za kunukuu ndicho jina. Kukiwa na majina mawili yaliyotenganishwa kwa nafasi, ni makundi mawili tofauti, chukua moja. Liwekee nukta mbele, na ulitumie kwenye "Add CSS".

Upande wa pili wa sehemu hiyo kuna CSS inayotumika. Unaweza kubadilisha namba pale pale na kuona matokeo. Mabadiliko hayo hayahifadhiwi, ukiburudisha ukurasa yanaondoka, kwa hiyo cheza bila hofu. Mimi hujaribu hapo kwanza, nikipenda ndipo nanakili kwenda kwenye kisanduku.

Hatua ya 6: Kisanduku cha vipimo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hapa unaacha kubadilisha vya wengine na kutengeneza chako.

Dada yangu hupika akisoma kwenye simu. Siku moja nilimkuta jikoni, mkono mmoja umejaa unga, kidole kidogo cha mkono wa pili kinasukuma skrini juu na chini kutafuta tui ni vikombe vingapi. Vipimo vilikuwa vimetawanyika ndani ya aya nne. Makala ilikuwa yangu. Jioni ile nikatengeneza kisanduku hiki:

```
body .vipimo {
  background: #FFF6E0;
  border-left: 5px solid #B5541C;
  padding: 14px 18px;
  margin: 20px 0;
}
```

Jina `vipimo` nimelitunga mwenyewe. Wewe unaweza kuandika `onyo`, `ratiba`, `bei`, au lolote la Kiswahili, mradi lisiwe na nafasi katikati na lisianze na tarakimu. Mstari wa kwanza ndani ya mabano unaweka rangi ya usuli, wa pili unaweka mstari mnene upande wa kushoto, wa tatu unatoa nafasi ya ndani ili maandishi yasigande ukingoni, na wa nne unatoa nafasi ya nje, juu na chini.

Sasa nenda kwenye makala. Juu kushoto mwa sehemu ya kuandikia kuna alama ya kubadili kati ya "Compose view" na "HTML view". Chagua "HTML view" na ubandike:

```
<div class="vipimo">
<b>Vipimo vya wali wa nazi</b><br/>

Mchele: vikombe 2<br/>

Tui jepesi: vikombe 3<br/>

Tui zito: kikombe 1<br/>

Chumvi: kijiko kidogo 1
</div>
<p>Osha mchele mpaka maji yawe meupe...</p>
```

Angalia hiyo aya ya mwisho baada ya `</div>`. Nimeiweka makusudi. Ukiacha kisanduku kiwe kitu cha mwisho kisha ukarudi "Compose view" kuendelea kuandika, kila unachoandika kitaingia ndani ya kisanduku na makala nzima itakuwa ya manjano. Anza aya ifuatayo ukiwa bado kwenye HTML.

Uzuri wake ni kwamba ukitengeneza mara moja, unakitumia kwenye makala zote. Na mwaka kesho ukichoka na rangi, unabadilisha mstari mmoja kwenye "Add CSS", visanduku vyote hamsini vinabadilika pamoja.

Hatua ya 7: Picha zisizotoka nje ya skrini

Ongeza hii chini ya kodi zako:

```
body .post-body img {
  max-width: 100%;
  height: auto;
}
```

Inaiambia picha isizidi upana wa makala, na urefu ufuate wenyewe ili sura za watu zisivutike. Picha ikiendelea kukaidi, ujue Blogger imeiandikia maagizo yake ndani ya makala. Hapo ongeza `!important` kabla ya nukta mkato, mfano `max-width: 100% !important;`. Itumie kwa kiasi, ukiizoea utajikuta maagizo yako yenyewe yanagombana.

Kuna jambo la picha ambalo wengi hawalijui. Anwani za picha zilizopakiwa Blogger hubeba ukubwa ndani yake. Ukiona `/s1600/` ndani ya anwani, ukabadilisha ikawa `/s640/`, Google itamletea msomaji picha ile ile ikiwa imepunguzwa. Kwa picha ndogo ya pembeni, `/s320/` inatosha kabisa.

Hatua ya 8: Kitufe cha WhatsApp

"Layout", "Add a Gadget", "HTML/JavaScript". Kichwa kiache wazi. Bandika:

```
<a class="kitufe" href="https://wa.me/2557XXXXXXXX">Niulize WhatsApp</a>
```

Namba inaanza na kodi ya nchi, 255 kwa Tanzania au 254 kwa Kenya, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mwanzo, bila nafasi. Ukiandika 07 mwanzoni, kitufe hakitamfikisha mtu popote. Kisha kwenye "Add CSS":

```
body .kitufe {
  display: inline-block;
  background: #1E6B52;
  color: #FFFFFF;
  padding: 12px 20px;
  border-radius: 6px;
  text-decoration: none;
}
```

Kumbuka namba ukishaiweka hapo imeonwa na dunia. Tumia laini ya biashara, siyo ya nyumbani.

Hatua ya 9: Mstari mmoja ndani ya "Edit HTML"

Sasa unaweza kufungua templeti yenyewe, na nitakupa sababu nzuri. Blogu nyingi za Kiswahili hazijajitambulisha kuwa ni za Kiswahili. Kivinjari kinabahatisha, na wakati mwingine kinamwomba msomaji ruhusa ya kutafsiri kutoka lugha ambayo siyo. Programu zinazowasomea wasioona kwa sauti nazo hutegemea utambulisho huo kuchagua matamshi. Bila huo, Kiswahili chako kinaweza kusomwa kwa ulimi wa Kiingereza.

Kwenye blogu ya majaribio, fungua "Edit HTML". Bofya kwanza mahali popote ndani ya kodi, ndipo ubonyeze Ctrl+F. Usipobofya ndani, kitakachotafuta ni kivinjari, na hakitaona kila kitu. Tafuta `<html`. Iko juu kabisa. Mara baada ya neno hilo weka nafasi, kisha `lang='sw'`, hivi:

```
<html lang='sw' ...
```

Vitone vitatu vinawakilisha yaliyokuwepo, usiyafute. Ukikuta mstari huo tayari una `lang=` au `expr:lang=`, usiongeze kingine; nenda "Settings" ukabadilishe lugha ya blogu huko. Hifadhi, fungua blogu, hakikisha iko sawa, kisha ufanye vivyo hivyo kwenye blogu halisi.

Ukiwa humo ndani, zingatia kwamba templeti za Blogger ni XML, ndugu mkali wa HTML, na XML haisamehe. Kila kilichofunguliwa kifungwe. `<br>` iandikwe `<br/>`. Alama ya & iandikwe `&amp;`. Na tagi zote (maneno yaliyo kati ya < na >) zinazoanza na `<b:` ni viungo vya mwili wa Blogger, kama `<b:section>` na `<b:widget>`; usizifute kwa kukisia. Ndizo nilizofuta usiku ule.

Hatua ya 10: Kagua kama msomaji

Hamisha kodi zako zote kwenye blogu halisi, uzihifadhi pia kwenye Notepad. Kisha fungua blogu kwa simu, kwenye dirisha la faragha ("Incognito" kwenye Chrome), ukitumia bando na siyo Wi-Fi. Soma makala moja yote mpaka mwisho. Geuza simu ilale. Mpe mtu mwenye macho ya miaka sitini naye asome. Hilo la mwisho limenifundisha mengi kuliko kipimo chochote.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kunakili kodi kupitia Word. Word hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi nyingine kabisa. Ukizitazama kwa haraka huoni tofauti.

Kutumiana kodi kwa WhatsApp. Kinyota kwenye WhatsApp kinageuza maneno kuwa mazito, na mstari wa chini unayalaza. Vyote viwili hutumika kwenye kodi, kwa hiyo kinachokufikia huenda siyo kilichotumwa. Tumianeni faili la Notepad.

Kubadilisha mambo kumi kwa pamoja. Likiharibika moja, hujui lipi.

Kupakua templeti "za bure" kutoka tovuti usizozijua. Baadhi zina viungo vilivyofichwa chini ya ukurasa, na ukivifuta blogu inamhamishia msomaji wako kwenye tovuti ya watu wengine. Nimeona blogu ya dini ikifanyiwa hivyo. Ukilazimika kutumia moja, ipakie kwenye blogu ya majaribio kwanza, utafute neno `script` na uone ni anwani zipi zinaitwa.

Ikikwama

*Nimehifadhi lakini sioni mabadiliko.* Fungua kwenye dirisha la faragha, kivinjari huwa kinakumbuka sura ya zamani. Kama bado, angalia nukta mbele ya jina na herufi zake, `.Vipimo` na `.vipimo` ni majina mawili. Kama yote ni sawa, tumia "Inspect": ukiona agizo lako limepigwa mstari, lipo lingine linalolishinda, ndipo utumie `!important`.

*Kodi za juu zinafanya kazi, za chini hazifanyi.* Umesahau kufunga bano la mawimbi. Tafuta agizo la mwisho linalofanya kazi, kosa liko pale au mara baada yake.

*Kodi inaonekana kama maandishi kwenye ukurasa.* Kama ni makala, uliibandika ukiwa "Compose view". Kama ni wijeti, uliweka CSS mahali pa HTML. Ihamishie "Add CSS".

*"Error parsing XML".* Usiogope Kiingereza chake. Ujumbe huo hutaja mstari na safu ya kosa, nenda hapo au mstari mmoja juu yake. Ukisema `The reference to entity ... must end with the ';' delimiter`, kuna & ambayo hukuiandika `&amp;`, mara nyingi ndani ya anwani ndefu ya kiungo. Ukisema `The element type "br" must be terminated by the matching end-tag`, kuna `<br>` isiyo na mkwaju (/) wake. Habari njema ni kwamba Blogger ikitoa ujumbe huu haijahifadhi kitu, blogu yako ya zamani bado iko hewani.

*Kwenye kompyuta sawa, kwenye simu vibaya.* Templeti za zamani kama Simple hutumia sura ya pekee kwa simu. CSS yako huenda haifiki huko. Bofya kimshale cha "Theme", fungua "Mobile settings" uone simu imepangiwa nini. Contempo haina shida hii, sura yake ni moja na inajipanga kulingana na skrini.

*Kila kitu kimevurugika na sijui nilipoanzia.* Kama uliandika kwenye "Add CSS" tu, kata yote, ibandike Notepad, hifadhi kisanduku kikiwa kitupu. Blogu itarudi ilivyokuwa, kisha rudisha agizo moja moja mpaka umkamate mkosaji. Kama uligusa "Edit HTML", fungua barua pepe uliyojitumia hatua ya kwanza, pakua lile faili lenye tarehe, "Theme", kimshale, "Restore".